Mpaka Ulipofungwa, Mimi Nilikuwa Naimba

Sisi tuliosoma shule za mashamba ya mkonge huku Korogwe tulikuwa tunakimbia kabla hatujanawa uso. Kijana wa leo akikimbia hatua mia mbili simu yake inampongeza, anakaa chini anaagiza soda. Sisi umande ulikuwa unatukata miguu, miiba ya mkonge inatuchoma, ile harufu kali ya kiwandani imejaa puani, na bado unaimba. Mmoja anatangulia mbele anaanzisha wimbo, shule nzima inaitikia. Ukinyamaza, fimbo. Huo ndio ulikuwa mchakamchaka wetu, na elimu yangu iliishia hapo hapo darasa la saba. Leo nina malori manne na nyumba ya wageni Chanika, kule Handeni. Anayesema shule zile hazikutoa watu aje anione.

Aliyekuwa anatangulia ni kaka yangu Anton. Baba yetu alitoka kusini kuja kukata mkonge, hakurudi kwao tena, sisi tukazaliwa kambini. Anton alikuwa anashindana na toroli la mkonge, lile la kwenye reli, likiteremka kwenda kiwandani, na alikuwa analiacha. Wakata mkonge wanasimama na visu vyao mkononi wanapiga kelele: "Mwacheni huyo, hana mifupa!"

Akiwa darasa la saba akachaguliwa kwenda Kenya, kwenye mashindano ya vijana wa nchi jirani. Mtoto wa kambini! Mwalimu wa michezo alimwambia kabisa kwamba akishinda kuna shule ya sekondari itamchukua kwa ajili ya miguu yake. Duka la Mhindi mmoja pale Manundu likatupa raba. Zilikuwa kubwa, mama akazijaza nyuzi za mkonge kwenye vidole. Jirani akija kuomba moto, lazima kwanza aonyeshwe raba.

Zikiwa zimebaki siku chache, mpaka ukafungwa. Wakubwa wa nchi mbili walikuwa wamegombana. Sisi tulisikia kwenye redio ya msimamizi wa shamba, watu wamejazana dirishani kwake. Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa hao wanaogombana ndio wanaokimbia?" 

Kesho yake asubuhi mwalimu mkuu akaja na wimbo mpya wa mchakamchaka, wa kuwatukana majirani zetu. Matusi matupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Anton, anzisha!"

Kaka akasimama tu.

"Wewe! Huna masikio?"

"Shikamoo mwalimu. Mimi hawajanikosea."

Alichapwa pale pale chini ya bendera, hakulia. Mwalimu mkuu akageuka kwetu, jasho linamtoka: "Nani mwingine ana sauti?"

Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na miaka tisa, na siku zote nilikuwa nataka kutangulia. Na niliimba, jamani, sitawadanganya, niliimba mpaka watu wakatoka milangoni. Shule nzima inaniitikia mimi. Kaka alikuwa nyuma kabisa ya mstari, anatembea.

Nyumbani mama akaniwekea ugali bila kuniangalia. "Umeimba vizuri," akasema. "Nimekusikia mpaka jikoni."

Anton hakwenda sekondari. Alishika kisu kama baba, akakata mkonge mpaka magoti yakaisha.

Siku hizi mpaka uko wazi, malori yangu yanavuka na machungwa kila wiki, dereva anarudi na biskuti za wanawe. Vijana wa Manundu wanalipa kiingilio kwenye banda la mpira. Majuzi wakasikia wachezaji wa nchi fulani ya mbali wamezuiwa kwenye mashindano kwa sababu serikali yao iko vitani. Banda zima likalipuka: "Safi! Wakome!" Nikawauliza, mnamjua hata mmoja wao? "Mzee, tulia uangalie mechi," wakanijibu, wanacheka. Enzi zetu angalau fimbo ilikuwepo. Hawa wanaimba kwa hiari yao, tena kwa kiingilio chao. Ningewasema zaidi, lakini na mimi siku ile fimbo haikunigusa.

Mwaka jana nilikwenda kwa kaka na gari jipya. Nikamwambia kuna mashindano ya riadha Nairobi, twende, hoteli juu yangu, chakula juu yangu, akakae mbele kabisa awaone wanavyokimbia. Nilidhani atafurahi. Miaka yote hii hatujawahi kuizungumza asubuhi ile, na nilidhani safari ingetosha.

Alinyoosha mguu wake polepole, akasugua goti.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa napenda kukimbia. Kuangalia sikuwahi kupenda."