Pauni ya Khalati

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikifanya kazi Nizwa, nilijifundisha sarafu za dhahabu za Ulaya kwa vitabu vya kuazima. Nilinunua moja moja, mshahara uliporuhusu: faranga ishirini ya Kifaransa yenye jogoo, kisha pauni za Kiingereza. Wenzangu waliweka benki. Mimi nilipenda akiba ninayoweza kuitazama.

Ndiyo maana khalati, dada wa mama yangu, aliniita niende kwake, mji wa Ibra, wiki ya harusi ya binti yake. Dhahabu ya bibi harusi ilikuwa imeonyeshwa kwa wanawake wa upande wa pili, wakaipima. Mama wa bwana harusi, mtu wa Sur, aliona pauni ambayo khalati aliivaa tangu Unguja, na sasa kampa binti yake, inazidi uzito wa kawaida. Akasema mbele ya wote kuwa ni ya kughushi.

"Pauni haizidi," alirudia nilipofika. "Yangu naitoa kwenye fremu, naipima, sawasawa."

"Basi miye nimevaa bati umri wote?" khalati akamjibu. "Ngoja, mwanangu aitazame."

Niliigeuza. Juu yake palichomelewa kitanzi cha kupitishia mkufu.

"Mama, na hiki umekipima?" nikamuuliza mama wa bwana harusi.

"Ah, kitu chenyewe chembe!"

"Chembe hiyo ndiyo iliyozidi."

Lakini hata za kughushi nyingine ni dhahabu safi, kwa hiyo nilipima upana na unene, kisha nikatoa kioo cha kukuzia. Mpanda farasi anayechongwa upande mmoja wa pauni alikuwa juu ya joka lake. Mchongaji alitia misuli ya farasi, mkia na kwato katika nafasi ndogo vile, na miaka yote ya shingoni haikuvifuta. Pembeni chini, herufi mbili za jina la mchongaji, ndogo kuliko ufuta, zilisomeka.

"Ya kweli," nikasema. "Mkusanyaji atalalamikia kitanzi tu."

Khalati alishusha pumzi. Mama wa bwana harusi akachukua kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Mashaallah. Kumbe farasi ana mishipa!" Akavua yake. "Haya, na hii."

Hata bila kioo, miguu ya farasi ilikuwa butu, kama iliyomiminwa kwenye kalibu ya mghushi, si kupigwa chapa. Khalati aliniangalia usoni, kisha akaukunja mkono wa mwenzake juu ya sarafu.

"Vaa, dada. Leo tunaoza, hatupimi tena."