Makosa ya Meja

Waliokuwepo langoni asubuhi ile mbwa wetu Meja alipotolewa ni hawa. Nzioka wa Muia, mdogo wa baba yangu, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi na kikohozi. Kavoi wa Munyao, jirani, aliyeitwa awe shahidi. Namtaja kwa jina la baba yake kwa sababu kulikuwa na Kavoi mwingine, Kavoi wa Ndeto, fundi wa viti, na huyo hakuwepo. Mutinda wa Kitonga, kutoka Kalamba, aliyekuja kumchukua mbwa. Binti yake Syombua, wa umri wangu, aliyebeba kibuyu cha mawele. Mimi. Na Meja mwenyewe, mbwa wa rangi ya mchanga mwenye sikio moja lililokatika ncha, kamba shingoni. Nyanya yangu Kalondu, ambaye sote tulimwita Susu, hakuwa langoni. Alikuwa ndani ya nyumba yake, ameupa mlango mgongo, kama ilivyotakiwa.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, darasa la tatu katika shule ya misheni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba taarifa huanza kwa majina ya waliokuwepo, kwa sababu mtu akishasahau majina atasahau na mengine. Nimefuata kanuni hiyo maisha yangu yote, hata nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe.

Boma letu lilikuwa chini ya vilima vya Mbooni, upande wa joto. Baba alifanya kazi ya reli Makindu na mama alikuwa huko kwake msimu ule, kwa hiyo nilikaa na Susu na Nzioka. Meja nilimlea mimi. Nzioka alimwokota njiani akiwa mdogo wa kutoshea kofiani, akamwita Meja kwa sababu, alisema, alitembea mbele ya kila mtu na hakufanya kazi yoyote. Nilimpa ugali kutoka sehemu yangu. Alilala miguuni pangu. Sidhani kama kuna zaidi ya kusema. Watu wengi wamewahi kuwa na mbwa.

Kisha Meja akaanza kuchimba. Hakuchimba shambani wala jalalani. Alichimba mlangoni pa Susu, upande wa kushoto unapotoka, shimo refu jembamba, na kulipopambazuka tukamkuta amelala ndani yake, kidevu kwenye ukingo. Kwetu kila mtoto alijua maana ya jambo hilo. Mbwa anayechimba mlangoni anampimia kaburi mwanamke mwenye nyumba. Akichimba mara tatu, kipimo kimetimia.

Mara ya kwanza Susu alifukia mwenyewe. Mara ya pili Nzioka alifukia, na Susu akaniita. Hakuwa na hasira. Alisema Meja hawezi kukaa hapo tena. Akapewe mtu kabla ya wiki kwisha, na asipopatikana mtu, Nzioka atampeleka mtoni. Sikuuliza atampeleka kufanya nini. Nzioka alikuwa na kamba tayari. Kumuua mbwa aliyekula mkononi mwako kulileta thavu, uchafu unaomwingia mtu aliyevunja mwiko, lakini Nzioka alisema alikotoka alikwisha kupata thavu ya kutosha, na ya mbwa mmoja haitaongeza kitu.

Kwa siku nne nilizunguka nikimtafutia Meja nyumba. Nilikwenda kwa kina Kavoi wa Munyao, wakasema wana mbwa watatu. Nilikwenda kwa mwinjilisti, akasema mbwa wa Kalondu hamtaki, na hakueleza kwa nini. Nadhani habari za shimo zilikuwa zimeanza kufika huku na huku. Siku ya tano, jioni, akafika Mutinda wa Kitonga na binti yake. Alikuwa na shamba kule Kalamba na nyani walikuwa wanammalizia mahindi. Alisikia kwa mtu sokoni kwamba kuna mbwa anayetolewa.

Alikunywa uji pale kwa Nzioka, nami nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nikisikiliza. Alisema yeye hachagui mbwa. Mwizi, mvivu, mwoga, wote ni sawa, nyani hawajui tofauti. "Ila mchimbaji hapana," alisema. "Mke wangu Mbithe ni mjamzito. Mchimbaji siwezi kumwingiza kwangu." Nzioka aliitikia kwa kichwa, akamwongezea uji.

Sasa, kwetu mbwa hakutolewa kimyakimya. Aliyemlea ndiye aliyemshika kamba langoni na kuyataja makosa yake yote kwa sauti, mbele ya shahidi, moja baada ya jingine. Anayempokea alijibu kila kosa, "Nimesikia." Kosa lililotajwa lilibaki pale langoni. Lililofichwa lilikwenda na mbwa mpaka boma jipya, likaendelea na kazi yake huko. Makosa yakiisha, mgeni aliacha mawele ya kujaa viganja viwili, na mbwa akawa wake. Na yule ambaye mbwa alikuwa amemchimbia hakuruhusiwa kuona wala kusikia. Ndiyo maana Susu alikuwa ndani.

Asubuhi nilishika kamba. Kavoi wa Munyao alikuwa na mzaha wake. Alisema, "Kwa hiyo Meja anahamishwa kambi. Cheo anabaki nacho?"

"Cheo anabaki nacho," Nzioka alisema. "Kazi ndiyo hakuwahi kuwa nayo."

Nikaanza. Nilisema anaiba mayai. Mutinda akasema amesikia. Nilisema anawafuata watoto shuleni na kulia dirishani mpaka afukuzwe. Amesikia. Nilisema anaogopa radi. Mutinda akacheka, akasema Kalamba hata mvua yenyewe ni ya kuombwa, radi itatoka wapi, lakini amesikia. Syombua alikuwa amepiga magoti anamkuna Meja chini ya shingo. Meja alifumba macho.

Kavoi akauliza, "Ni hayo tu?"

Nilimtazama Nzioka. Shimo la pili alilifukia kwa jembe lake mwenyewe, na ule uji wa jana alikuwa amemimina yeye. Aligeuza uso upande wa vilima, akakohoa, akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Ni hayo tu," nilisema.

Mawele yakamwagwa kwenye ungo. Mutinda akachukua kamba. Meja aligeuka mara moja, nadhani kuona kama ninafuata, kisha akaenda mbele yao kama kawaida yake. Nilibaki langoni mpaka wakaisha machoni. Niliporudi, Susu aliniuliza kama nilisema yote. Nilisema yote, nilijibu. Akageuka kutoka ukutani, akaanza kutwanga.

Habari ya Kalamba ilitufikia kama miezi miwili baadaye, mvua zilipokuwa zimeanza. Aliyeileta alikuwa mchuuzi wa chumvi. Alisema mke wa Mutinda, Mbithe, amekufa wakati wa kujifungua, mtoto amepona. Aliitaja kati ya habari nyingine, bei ya chumvi na daraja lililochukuliwa na maji. Nzioka aliamka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Susu alikuwa anapepeta. Alisubiri mchuuzi aondoke, akaniuliza tena, kwa maneno yale yale, kama nilisema yote langoni.

Nilisema yote, nilijibu.

Uongo wa kwanza ninaweza kuueleza. Nilikuwa mtoto na kamba ilikuwa tayari. Huu wa pili sijapata kuueleza. Hakukuwa tena na mtu wa kuokolewa wala mbwa wa kuokolewa. Susu akarudi kwenye ungo wake. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi na hakuligusa tena jambo hilo. Nzioka pia hakuligusa. Nami nilikua nikijua, kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake, kwamba nilihamisha kaburi la Susu nikalipeleka kwa Mbithe.

Nilisoma. Nilibatizwa. Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi kule Kilungu kwa miaka mingi, na nikawaambia watoto wa watu kwamba mbwa hajui lolote kuhusu kifo cha mtu. Nilikuwa nikisema hivyo na kuendelea ukurasa unaofuata. Elimu ile ilikaa upande mmoja wa kichwa na jambo lile upande mwingine, na havikuwahi kukutana. Sikufuga mbwa tena.

Syombua nilimwona mara kadhaa katika miaka hiyo, kwenye mazishi na harambee. Aliolewa hapo hapo Kalamba na akamlea yule mdogo wake aliyepona. Tulisalimiana. Aliniita Mwalimu. Aliwahi kuniambia kwamba Meja aliishi mpaka meno yakaisha, na nyani walimheshimu. Nilisema vizuri.

Mwaka jana mjukuu wangu Mwende alikuja kukaa nami wiki mbili. Ni daktari wa mifugo mjini Wote, na wakati wake wa ziada anatafutia nyumba mbwa waliotupwa: waliofungiwa kwenye plot, wenye mbwa wakahama, waliogongwa na boda boda. Anaweka picha zao kwenye simu na watu wanapiga. Siku moja nilikuwa barazani nikamsikia akizungumza na mwanamume fulani aliyetaka mbwa wa kike, mweusi. Alimwambia, "Ngoja kwanza nikwambie ubaya wake. Anatafuna viatu. Anafukuza pikipiki. Ukimwacha peke yake analia mpaka majirani wakutafute. Na anachimba." Akakata simu, akaniambia kwamba anayeficha makosa ya mbwa humletea mbwa shida mbili, kwa sababu atarudishwa, na mbwa aliyerudishwa hutolewa kwa tabu zaidi.

Nilimuuliza kwa nini mbwa huchimba. Alijibu bila kuinua macho. Wengine ni uchovu wa kukosa kazi, wengine wana mimba, lakini sehemu kama zetu wengi ni joto tu. Wanatafuta udongo baridi. Pale mama anapomwaga maji ya vyombo, kwa mfano.

Susu alimwaga maji ya vyombo upande wa kushoto wa mlango. Naona mkono wake hadi leo.

Nilimwambia Mwende anipeleke Kalamba, naye akanipeleka kwa gari lake dogo bila kuuliza. Tulimkuta Syombua uani kwake anapukuchua mbaazi. Kimeu, mwanawe mkubwa, alituletea viti, kisha akamchukua Mwende kwenda kumwangalia ng'ombe aliyekuwa anachechemea. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yakapotea, nikasema tu kwamba siku ile langoni kuna kosa la Meja sikulitaja.

"Kuchimba," alisema.

Nilimuuliza alijuaje. Aliendelea kupukuchua.

"Alichimba siku ya pili tu, mlangoni kwa mama. Mimi ndiye niliyekuwa naamka wa kwanza. Nikafukia kwa miguu, nikamwaga majivu juu. Keshokutwa yake tena. Nilifukia mpaka nikazoea. Baba hakuona hata mara moja."

"Ulijua maana yake?"

"Mwalimu, nani hakujua?"

"Kwa nini hukumwambia baba yako?"

"Angemtoa." Alichukua ganda jingine. "Nilimtaka yule mbwa. Wewe pia ulimtaka."

Kulikuwa na kuku wanazunguka mbaazi zilizodondoka na hakuwafukuza. Nilihesabu: tangu mvua ile hadi siku hiyo ni zaidi ya miaka sabini. Muda huo wote alijua kwamba mama yake alichimbiwa kaburi na yeye akalificha, nami nilijua kwamba mimi ndiye niliyelituma. Bila kujua, nilikuwa nimekuja kumtua mzigo aliokuwa amebeba, na kumkabidhi wangu, ambao hakuuhitaji.

Nikamweleza yale ya Mwende, ya joto na udongo wenye unyevu. Nilieleza kwa utaratibu, kama darasani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alimwaga maji ya vyombo pale pale," alisema. Kisha, "Na hukuweza kuniletea habari hii nikiwa na meno?"

Nilimwambia mimi pia nimeipata juzi tu. Alisema kwa mwalimu, kazi hiyo ya nyumbani nimeichelewesha sana. Hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Alinisogezea ungo, nikamsaidia kupukuchua mpaka Mwende akarudi.

Nilitarajia kupata nafuu njiani. Sikupata, na siwezi kusema kwamba nilikosa. Niliangalia mashamba. Mwende aliniuliza kama nimechoka, nikasema kidogo. Bado sijui nifanye nini na yale maelezo ya joto. Ni kweli, na ningeyafundisha kesho. Lakini hayafiki kule lilipo jambo lenyewe. Watoto wawili, katika maboma mawili, waliamini jambo la kutisha kwa moyo wote, na bado kila mmoja akamchagua mbwa. Hilo halielezwi na joto. Nadhani ndilo tulilokuwa tukiogopa kulitaja, na siku ile uani hatukulitaja pia; tulilizunguka tu, tukamaliza mbaazi.

Jumatatu iliyopita Kimeu alinipigia simu, na kati ya waliokuwepo langoni nikabaki mimi peke yangu. Syombua binti Mutinda wa Kitonga amefariki Jumapili alasiri, nyumbani kwake Kalamba.