Sukari ya Yohana

Mpaka leo nikisikia kijiko kikigonga kikombe cha bati, namwona mama jikoni kwetu Kawajense, amekunja uso kwa moshi wa kuni, anatugawia sukari. Kijiko kimoja cha chai kwa kila mtoto, tena alikisawazisha kwa kidole. Ukinung'unika, alikuambia, "Ulimi hauna tumbo, hautosheki." Basi unakunywa uji wako kimya. Mdogo wetu wa mwisho, Yohana, hakuwekewa hata chembe, na mimi moyoni nilimwona mama ana roho ngumu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikirudi shule mchana, mama alinikabidhi Yohana, naye akaenda Mwamkulu kwenye mpunga mpaka jua lipoe. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, na kilio chake, jamani, kilisikika hadi kisimani. Nilimbeba, nikamwimbia, nikamwonyesha kuku. Wapi! Siku moja nikadokoa sukari kidogo kwenye kopo la mama, nikaifunga kwenye kona ya kitambaa safi, nikailowesha maji, nikamtia mdomoni. Akanyamaza palepale. Nikajiona mlezi hodari kuliko wote mtaani.

Kesho yake nikarudia. Ikawa desturi, tangu palizi hadi mpunga ulipoanza kugeuka njano. Yeye alilala na kitambaa mdomoni, mimi nikaenda kuruka kamba na wenzangu.

Meno yake ya mbele yakaingia madoa ya kahawia. Kisha asubuhi moja akaamka mdomo wa juu umevimba, mwili wa moto, anakataa hata ziwa. Baba akawapakia mama na mtoto kwenye baiskeli kwenda hospitali. Niliwafuata mbio, nikawakuta ndani, nikasimama mlangoni nikihema.

"Mnampa nini kitamu huyu?" muuguzi alikuwa anamuuliza mama.

"Hapewi, dada. Hata kwenye uji wake siweki."

"Mama, haya meno yanasema mengine."

Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Yeye, aliyesawazisha kijiko kwa kidole, anaonekana mwongo mbele za watu! Machozi yakanitoka.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namfungia sukari kwenye kitambaa, anyonye. Mama hampi, hata sisi wakubwa hutupa kijiko kimoja tu cha chai."

Muuguzi alinitazama, sauti ikalainika. "Mtoto wa umri huu hahitaji sukari ya kuongezewa, mwanangu. Hata kidogo. Na nyie wakubwa, ni hicho kijiko cha mama yenu tu, basi."

Waling'oa meno mawili. Kilio kile sikuweza kukituliza.

Tukirudi, baba akikokota baiskeli, nilisubiri fimbo. Mama alinishika mkono tu, akasema, "Ungeniambia kwamba analia sana." Kuanzia kesho yake akamfunga Yohana mgongoni, akaenda naye shambani, juani. Mimi nikabaki uani nikilia. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, kwamba haniamini tena, na niliibeba hivyo kwa miaka mingi.

Kisha nikazaa. Siku moja nilimwachia binti yangu wa miaka tisa mdogo wake mchanga, nikafika njiani, nikasimama. Nilikumbuka jinsi sauti ya mama ilivyokuwa siku ile tukirudi, nikajua kwamba hakuwa akinilaumu mimi, alijilaumu mwenyewe kwa kunitwika mzigo ule nikiwa bado mtoto. Nikarudi, nikamchukua mtoto, nikamfunga mgongoni. Binti yangu alinuna jioni nzima.