Vidonge Kumi na Vinne

Alipofika ghorofa ya tatu Wabwire alisimama, hajui wodi ya wanawake iko kulia au kushoto. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali hii ya Kisumu miaka tisa, lakini chini kabisa, katika chumba cha rekodi, ambako wagonjwa humfikia wakiwa karatasi. Huku juu kulikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia na ya samaki waliobebwa kwenye mabakuli, na watu walikuwa wakiongea.

Kazi yake ilikuwa kusoma faili kila mgonjwa anaporuhusiwa kwenda na kugeuza maneno ya daktari kuwa namba, ili wizara ijue watu wa ziwa hili wanaugua nini. Haikumfaa, kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Alizaliwa Port Victoria, akauza vitambaa dukani kwa Bwana Joginder, akawa karani mpakani Busia, na kila alipopita aliondoka na lugha moja zaidi na kiatu kimoja kilichochakaa. Dishon, mwenzake wa meza ya pili, husema Wabwire hukaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinuka mara nne na faili lile lile mkononi.

"Andika, funga," Dishon alimwambia. "Hiyo namba haimuumi mtu."

Faili lilikuwa la Mama Lornah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Dunga, miaka sitini na nne. Alikuwa amemeza vidonge kumi na vinne vya presha kwa mkupuo, moyo ukalegea, akaletwa hajitambui. Namba ya sumu yenyewe haikuwa na shida: T46.1. Shida ilikuwa namba ya pili, inayosema sumu iliingiaje. X44 ni ajali. X64 ni mtu kujidhuru. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa alikiri kumeza kwa kusudi, kwa hiyo X64. Lakini nyuma ya faili ilibanwa kadi ya kliniki ya presha, na miadi yake ilikuwa kesho yake tu baada ya siku aliyoletwa. Kila mwezi muuguzi alikuwa ameandika hapo idadi ya vidonge vilivyobaki: sufuri, sufuri, sufuri. Mwezi mmoja tu palikuwa na sita, kwa wino mwekundu, pamepigiwa mstari mara mbili.

Wodini alimkuta Daktari Sonal kando ya kitanda cha Mama Lornah, anakunja kifaa cha kupimia presha.

"Nilimuuliza mara mbili," daktari alisema. "Alijibu mwenyewe."

"Ulimuuliza kama alimeza kwa kusudi, ama kama alitaka kufa?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Kwangu ni namba mbili, Daktari."

Sonal alimtazama, kisha akasogea pembeni. "Muulize. Kijaluo changu ni cha sokoni."

Mama Lornah alikuwa ameketi, mgongo wima, amegeukia ukutani. Binti yake, Debra, alikuwa akifunga nguo kwenye mfuko. Mambo yalikuwa yameshaamuliwa: saa nane kaka yake Opondo angekuja na gari kumpeleka mama yao kwake kijijini Pap Onditi, akae akiangaliwa, na kibanda chake cha biashara cha Dunga kilikuwa kimepewa jirani. Tangu juzi Debra alikuwa haachi hata wembe karibu na kitanda.

"Wewe ni polisi?" Mama Lornah aliuliza.

"Mimi ni wa makaratasi, Mama."

"Basi wewe ndiye mbaya zaidi."

Wabwire alivuta kigoda, akaingia kwenye Kijaluo. "Huyo muuguzi wa kliniki, huwa anahesabu vidonge vilivyobaki?"

Mama Lornah aligeuza uso kutoka ukutani. "Celestine? Anahesabu kama yeye ndiye alivitengeneza."

"Na ukibakisha?"

"Anakusimamisha mbele ya watu. Ile siku ya vidonge sita aliniuliza, wanawake wote wa Dunga wanasikia, kama nataka kupooza ili mtoto wangu anioshe kama kichanga."

Debra aliacha kukunja nguo.

"Na mwezi huu?"

"Tulifunga kanisani wiki mbili. Tumbo tupu halitaki dawa. Vikabaki kumi na vinne, na kliniki ni kesho."

"Mama, si ungevitupa?" Debra alisema.

"Nitupe dawa? Nilivipangia foleni tangu alfajiri nivitupe? Nikasema mwili utachukua unachotaka, uache kingine."

Sonal, aliyekuwa amefuatia kwa shida, aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mbona hukuniambia hivyo?"

"Uliuliza kama nilimeza kwa kusudi. Sasa nimeze aje bila kusudi, nikiwa nimelala?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka ndani ya shuka.

"Ulitaka kufa, Mama?" Sonal aliuliza.

"Nife, na omena nimeianika?"

Daktari hakucheka. Alimwomba Debra atoke kidogo, akauliza mengine, ya usingizi, ya huzuni, ya mambo ya nyumbani, na Wabwire akaenda dirishani asisikie. Aliporudi, mstari mmoja wa faili ulikuwa umekatwa, mwingine umeandikwa juu yake na kutiwa sahihi: alimeza dozi alizoruka, hakukusudia kujidhuru.

"Gari la Opondo liko njiani," Debra alisema mlangoni, macho mekundu.

"Litupeleke Dunga."

"Na nani atakuangalia?"

"Njoo Jumapili uniangalie. Ukiniambia neno moja mbele ya wateja, urudi kwako."

Debra aliangalia mfuko, akafikiria, kisha akachukua simu kumwambia jirani wa kibanda asihamie bado.

Mama Lornah aliteremka ngazi akishika chuma, mkono wa binti ameukataa. Hakumuaga Wabwire. Yeye alibaki juu, akaegemeza faili ukutani na kuandika X44. Kisha akakumbuka zile X64 alizofunga miaka tisa bila kupanda ngazi hata moja, na kwamba hakuwahi kugeuza kurasa zao za nyuma kutazama kadi.

Mfanyakazi wa usafi alikuwa akipita na ndoo.

"Dada," alimuuliza, "muuguzi Celestine wa kliniki ya presha yuko mlango gani?"