Dhahabu ya Nesi Fatu

Kwa miaka ishirini na mitatu Fatu alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji, njia ya Kwamsisi, na miguu ilikuwa imechoka kumzidi mwenyewe. Zamani malaria aliipima kwa kiganja: paji likichoma, dawa. Kisha vikaja vipimo vidogo vya plastiki. Tone la damu, subira ya robo saa. Mstari wa malaria ukitokea mwekundu, mtibu. Usipotokea, tafuta ugonjwa mwingine.

Watu hawakuviamini. Fatu, hoi kwa kubishana, akawaambia aliyoyasikia kwenye mafunzo Korogwe: wekundu ule ni dhahabu, imefanywa chembe ndogo mno hata mwanga ukiipiga haionekani njano tena, inaonekana nyekundu. Wakatoa vidole. Kumbe mdomo huponza kichwa.

Tangu enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila mtu alijitafutia kivyake, na Salimu, mdogo wa mumewe, alichekecha mchanga wa mtoni akitafuta dhahabu.

“Shemeji, kumbe umekalia mgodi!” alimtania.

“Njoo uchimbe basi, unijengee nyumba,” Fatu akacheka. Shemeji hanyimwi utani. Jioni ile akamwachia ufunguo wa zahanati azibe bati lililovuja, akaenda zake kupumzisha miguu.

Asubuhi alifika Noonkipa, mke wa mfugaji, ametembea tangu alfajiri na mwanawe Taiyo mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto, anahema haraka haraka. Fatu akafungua kabati. Maboksi yote ya vipimo hayapo.

Aliangalia barabara ya Korogwe, ndefu, kavu, haina gari. Akaweka kiganja kwenye paji, kama zamani. Likachoma.

“Ni malaria, mama Taiyo,” akasema, akampa dawa.

Siku ya tatu Noonkipa alimrudisha mtoto, hanywi hata maji. Fatu akampeleka mwenyewe hospitali ya Korogwe, wakampima. Damu ilikuwa safi, haina malaria. Ugonjwa ulikuwa mapafuni, tena umeshakomaa. Taiyo akafia huko.

Fatu aliporudi alimkuta Salimu mlangoni, sufuria mkononi, ndani plastiki iliyoungua ikawa nyeusi.

“Shemeji, umenidanganya. Nimechoma vyote. Hakuna dhahabu hata chembe.”

Fatu alikaa kwenye ngazi, akakitazama kiganja chake.

“Ilikuwemo,” alisema. “Kipimo kimoja tu kingenitosha.”