Mimi, Magesa na Elektroni

Mwanangu, iko siku moja ya ualimu wangu ambayo, kama ningepewa nafasi, ningeirudia yote upya.

Nilikuwa kijana, nafundisha fizikia sekondari moja huko Butiama, nikiishi nyumba moja na mwalimu mwenzangu, Magesa, ambaye naye alifundisha fizikia. Jioni mmoja anachambua dagaa, mwingine anasonga ugali, na ubishi unaanza. Ubishi wetu ulikuwa mmoja tu: je, elektroni ipo kweli?

Magesa alisema ipo. Ipo kama jiwe lilivyopo, ila macho yetu hayaifikii. Mimi nilishika upande wa pili. Nilisema tunachokiona ni mshale wa ammita ukicheza na glopu ikiwaka; elektroni ni maelezo tuliyoyatunga ili hesabu zitoke sawa. Zikitoka, yatosha. Kudai zaidi ya hapo ni kusema usichokijua.

"Sasa hesabu zinatokaje sawa kila siku, kama hicho kitu hakipo?" alikuwa akiniuliza.

Nilikuwa na majibu yangu, naye ana yake, na ugali unapoa. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile.

Basi siku hiyo tulikuwa wote wawili maabara na kidato cha tatu. Binti mmoja akamwuliza Magesa elektroni inafananaje. Magesa akaanza kumweleza, kwa ule upole wake. Nikamkatiza.

"Mwalimu Magesa, wewe umeiona?"

"Sijaiona, lakini..."

"Basi unawafundisha hadithi za bibi yako."

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi ndiye aliyemlea, mwanangu, na tulikuwa tumemzika mwezi uleule. Nilijua. Nilisema hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka wacheke wakiwa upande wangu. Magesa akaweka chaki mezani, akatoka.

Mkuu wa shule, mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama Nyangeta, aliniita ofisini. Hakunipandishia sauti.

"Wambura, hoja yako labda nzuri, mimi sikusoma fizikia. Lakini leo hukutafuta ukweli. Umetafuta kumshinda mtu. Nenda ukamwombe radhi kabla jua halijazama."

Sikumwomba. Nyumbani nilimkuta Magesa anasonga ugali kama kawaida, akanikaribisha. Nikajiambia, mtu aliyeumia angeonekana. Sijaona chozi, sijasikia lawama, basi hakuna kidonda. Muhula uliofuata akahamia Bunda. Tukikutana stendi alinisalimia kwa bashasha, nami nikazidi kujiridhisha. Miaka ikapita hivyo, mingi.

Nilistaafu, nikahamia Kigera hapa Musoma. Mke wangu akafariki. Nyumba ikawa kimya hadi nasikia friji ikinguruma chumba cha pili. Ndipo nikamkumbuka Magesa, nikapanda basi kwenda Bunda. Mkewe alinipokea mlangoni, akanitazama kidogo.

"Shemeji, umechelewa. Tulimzika mwaka jana."

Akanikaribisha ndani, akanipa chai. Nikamwuliza kama Magesa alifundisha fizikia hadi mwisho.

"Fizikia? Hapa alikuwaga anafundisha hesabu tu. Nikimuuliza, anasema fizikia aliiacha Butiama."

Chai ile sikuimaliza.

Mwanangu, juu ya elektroni sina uhakika hadi leo. Siku nyingine naona Magesa alikuwa sahihi, siku nyingine narudi upande wangu, na hakuna tena mtu wa kuniambia nimekosea wapi. Nazungumza mwenyewe, najijibu mwenyewe.

Wewe bishana. Bishana juu ya jambo kwa nguvu zako zote, na pale usipojua useme sijui, lakini mwenzako mwachie heshima yake, hasa mbele za watu. Na ukimuumiza mtu, usingoje uone damu ndipo uamini. Wengine huumia huku wanakukaribisha mezani. Nenda siku hiyohiyo, hata kama atakuambia hakuna neno.

Mungu akupe rafiki wa kubishana naye hadi uzeeni. Na mkikoseana, akupe miguu myepesi, umfuate angali hai.