Rula Yangu na Ndege ya Deo

Haya nayasimulia mwenyewe kwa sababu wengine mnayasimulia vibaya, mkitia chumvi ambayo hata mimi, mtu wa chumvi nyingi, nisingethubutu kuitia. Aibu ni yangu na siikatai: mimi ndiye niliyemkosesha Deo mke, na nilimkosesha kwa rula.

Miaka ile ya themanini nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne kwenye madarasa ya jioni, nina jiografia kichwani ya kutosha Karagwe nzima na ikabaki ya kuuza Uganda, na kijiji chetu chote cha Chonyonyo kikaniita Mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha hata kuku. Deo (tulichunga mbuzi pamoja, rika moja kabisa) alikuwa Moscow mwaka wa sita akisomea uhandisi, na mchumba wake Adelina alikuwa kwao Kituntu akimngoja, ila baba yake, Mzee Gosbert, alikwishachoka kungoja. Alituma neno: nitakuja mara moja tu, siku mtakayonipangia, nimwone huyo kijana kwa macho yangu, nikimkosa, kuna mwenye duka Kayanga ameshaleta mshenga.

Basi ikaja simu ya maandishi kwamba Deo anaondoka Moscow Ijumaa saa nne usiku. Baba yake Deo, Ta Laurenti (Ta kwetu ni mzee), akaniletea.

"Mwalimu, wakwe tuwaite Jumapili ya wiki inayofuata, au unaonaje?"

Ningesema ndiyo, leo ningekuwa mtu. Lakini atlasi ilikuwa mezani. Nikaweka rula, mwanzo Moscow, mwisho Karagwe, nikazidisha kwa kipimio cha ramani, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, zikatoka saa saba na ushee (nikaongeza moja ya upepo, nisionekane mchoyo).

"Wiki nzima ya nini, Ta? Jumamosi saa moja asubuhi yupo hapa anakunywa chai. Waite Jumamosi mchana, apate na kulala kidogo."

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikakamuliwa, fahali akachinjwa, wakwe wakaja wamevaa kanzu na makoti, wakakaa. Saa sita, saa nane, mitungi inapungua na Deo hayupo. Saa tisa Mzee Gosbert akauliza aliyehesabu ni nani, nami nikasimama mbele ya watu wote na atlasi yangu, bado nina uhakika, nikamwonyesha mstari.

"Hii ndiyo njia yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hapa mwisho ndege inatua wapi? Kwenye migomba ya Laurenti?"

Watu wakacheka. Nikasema inatua Dar es Salaam, na nilipolitamka ndipo nami nikalisikia.

"Dar. Na kutoka Dar analetwa na rula?"

Jamani, njia ile nilikuwa nimeipita kwa miguu na makalio yangu mwenyewe: treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, kisha basi linaloondoka siku dizeli ikipatikana. Siku tano, ukibahatika. Niliyajua yote, ila kwenye ramani hayakuandikwa.

Adelina, aliyekuja na baba yake, akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, tumngoje hadi Alhamisi tu."

"Nilisema mara moja, mwanangu. Inuka twende."

Deo alifika Alhamisi, ana koti la manyoya mkononi alilomnunulia Adelina. Jumatano mshenga wa Kayanga alikuwa amekwishapokelewa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza safari, hata ya kutoka hapa hadi Rubwera, namwambia akamuulize kondakta, na nimeapa hivyo hadi kaburini. Deo hakunitukana. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Kila Krismasi akija kwao tunakutana njiani, anavua kofia, anainama kidogo, ananiambia, "Shikamoo, Mwalimu." Mtu wa rika langu. Nami naitikia marahaba.